Neno Moja, Maana Tatu

Mwaka 1965 BBC ya Uingereza ilianza kuonyesha katika televisheni mchezo ulioitwa Call My Bluff, jina ambalo kwa lugha yetu laweza kuwa "Niumbue Ukiweza". Asili yake ni Marekani, ila ni kwa Waingereza ulikodumu, hadi mwaka 1988. Waliketi watu watatu upande huu na watatu upande ule. Lilitolewa neno adimu la Kiingereza, limechimbuliwa katika kamusi kubwa ya Oxford, na watatu wa upande mmoja wakalieleza, kila mtu kwa maana yake. Mmoja alisema kweli; wawili walizua. Mpinzani alichagua, kisha kadi ikageuzwa.

Msomaji atakumbuka vitendawili vyetu. Hata hivyo, jamaa hawa hawafanani sana. Mtegaji asemapo, "Nyumba yangu haina mlango," yai limo ndani ya maneno yake, na mwenye kufikiri ataliona. Neno la mchezo ule aghalabu halikubeba dalili. Kilichopimwa basi si ujuzi wa lugha, bali uso na sauti ya msemaji.

Wakuu wa pande mbili kwa miaka mingi walikuwa Frank Muir na Patrick Campbell, mwandishi wa Ireland aliyekuwa na kigugumizi. Sisi sote huwa wepesi kumdhania anayekwama kuwa anatunga uongo. Campbell alikwama akisema kweli, akakwama akizua. Mpinzani akanyang'anywa dalili aliyoizoea, akabaki na kisio tupu. Hapo ndipo naona thamani kubwa ya mchezo ule, wala sidhani kuwa waliouanzisha walilikusudia jambo hilo. Ulionyesha waziwazi jinsi tunavyomsadiki msemaji fasaha kabla ya kuuliza ushahidi wake.

Lawama yangu ni juu ya neno lenyewe. Likishaleta alama, lilitupwa kama ganda la muwa, na neno jingine likaletwa. Mtu angeweza kuutazama mchezo mwaka mzima asijifunze neno moja la kumfaa. Kwa mshairi, huo ni ubadhirifu.

Mwalimu atakayeupeleka mchezo huu darasani asiige kosa hilo. Kiswahili kina maneno yanayojitetea yenyewe. Mwanafunzi asiyepata kusikia "kimetameta" akiambiwa ni aina ya chungu, atalikumbuka tendo la kumetameta, naye atamshuku mzushi. Akiambiwa ni mdudu atoaye mwanga usiku, atasadiki kwa sababu anayoweza kuieleza. Lakini akipewa "shibiri" hana mzizi wa kushika, na mwalimu mcheshi aweza kumdanganya apendavyo. Hapo kamusi na iwe mezani, mwanafunzi aifungue mwenyewe mbele ya wenzake, asome kwamba ni kipimo cha kiganja kilichokunjuliwa, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kisha alipime dawati lake.