Juu ya Kuwafundisha Watoto Habari za Upinde wa Mvua

Somo la upinde wa mvua, jinsi lifundishwavyo mara nyingi, ni fupi sana. Mwalimu huandika ubaoni ya kwamba mwanga wa jua ukipita katika matone ya mvua hugawanyika kuwa rangi saba. Watoto huzikariri rangi hizo, tangu nyekundu hata urujuani, kisha kitabu hufungwa. Maneno hayo si uongo. Lakini twasema ya kuwa ni nusu ya kweli, na mtoto mwenye akili huona upungufu wake mara moja.

Maana atauliza: Ikiwa mwanga hupita tu katika tone, mbona siuoni upinde nikitazama upande wa jua wakati wa mvua? Mbona umepinda, wala haukunyoka? Mbona nikiufuata hunikimbia? Mwalimu aliyekariri hana jibu, naye humnyamazisha. Na nyumbani huenda akaambiwa asiulize, wala asiunyoshee kidole, kwa kuwa mwiko huo wapatikana katika nchi nyingi za dunia. Basi mtoto amefungiwa milango miwili, na hasara hiyo si ndogo.

Mambo mawili yameachwa katika somo hilo. La kwanza, mwanga haupiti tu. Huingia katika tone na kupinda kidogo, hupiga upande wa nyuma wa tone na kurudi kama sura irudivyo katika kioo, kisha hutoka ukipinda tena. Kila rangi hupinda kwa kadiri yake, ndipo zikatengana. Kwa hiyo upinde huonekana upande usio wa jua. Watu wa Gorong'a wamekwisha kuliona jambo hili kwa macho: jioni, jua likishuka kuelekea Nyanza, upinde husimama mashariki.

La pili ni kipimo. Mwanga mwekundu hurudi kwa pembe ya digrii 42 hivi, na urujuani 40 hivi, yaani chini kidogo ya nusu ya pembe ya ukurasa wa kitabu. Kivuli cha kichwa chako ndicho kitovu, na upinde u mbali nacho kadiri ya shubiri mbili, ukizipima kwa mkono ulionyoshwa mbele. Matone yote yaliyo katika kipimo hicho, juu, kuume na kushoto, hufanya duara, na ardhi huikata sehemu ya chini. Nawe ukienda, kitovu chaenda nawe, kwa hiyo upinde haukamatiki. Tena kila mtu huona upinde wake mwenyewe, maana matone yampelekeayo rangi siyo yale yampelekeayo jirani yake. Na kwetu, karibu na ikweta, tangu saa nne asubuhi hata saa tisa alasiri jua li juu mno, hata mtu asimamaye uwandani hauoni upinde mbinguni.

Hata ile hesabu ya saba isishikwe kama amri. Newton wa Uingereza, aliyeutenga mwanga kwa kioo cha pembe tatu, hapo kwanza alitaja rangi tano. Baadaye aliongeza rangi ya machungwa na nili, akizilinganisha na sauti saba za muziki. Rangi zenyewe huingiana pasipo mpaka. Mtoto aonaye nne akasema nne amesema kweli kuliko yeye akaririye saba asizoziona.

Wako ndugu waogopao ya kwamba mtoto akijua sababu ataiacha ishara. Twawajibu kwa mfano wa Theodoric wa Freiberg, mtawa wa Kidominiko wa Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 14 alijaza maji katika tufe la kioo liwe mfano wa tone kubwa, akaufuata mwanga ndani yake. Siku zile zile Kamal al-Din al-Farisi, Mwajemi, alifanya vivyo hivyo, wala hawakujuana. Mtawa huyo hakuona kuwa uchunguzi wapingana na sala zake. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, chatuambia upinde ni ishara ya nini, hakituambii umefanyikaje. Mkate wa Meza ya Bwana haupungui kuwa ishara kwa sababu twajua unga wake ulisagwa wapi. Na neno la Kiebrania lililotumika pale ni lile lile la upinde wa vita, kama katika Kiswahili chetu. Watoto wa Ukuryani, ambao babu zao walichukua upinde na mishale, wataelewa upesi maana ya upinde uliowekwa mawinguni.

Basi walimu wenzetu, shauri letu ni hili. Kabla ya kushika chaki, watoeni watoto nje asubuhi, jua likiwa chini. Walipe jua kisogo, wautazame mti wenye kivuli kizito, na mmoja wao apulize maji kwa kinywa yawe kama ukungu. Wataona rangi. Kisha wageuke walielekee jua, wapulize tena, nao hawataziona. Waulizeni kwa nini, mkangoje majibu yao. Baada ya hapo ndipo neno la ubaoni litakapowafaa.