Mchongaji wa Buli na Suala la Utunzi

Msanii aliyechonga baadhi ya viti vya enzi vya Waluba vinavyosifiwa mno hujulikana kwa jina la kijiji tu: Mchongaji wa Buli. Buli iko kaskazini ya Katanga ya zamani, mbali na Karavia na Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hata hivyo, ni katika jiji hili ambako kazi zake zapasa kuhakikiwa kama kazi za mtunzi, wala si za kabila.

Frans Olbrechts, mtaalamu wa Ubelgiji, ndiye aliyebaini kwamba vinyago kadhaa vilivyotawanyika katika makumbusho ya Ulaya vilikuwa na mtindo mmoja. Leo huhesabiwa kazi zipatazo 20, kikiwemo kiti kilichoingia Makumbusho ya Metropolitan, New York, mwaka 1979.

Kwa upande wa fani, mtindo huo haufichiki. Wachongaji wengi wa Kiluba walipendelea nyuso za mviringo, laini, zenye ujana. Huyu alichonga uso mrefu, mashavu yaliyobonyea na viganja vikubwa kupita kiasi. Baadhi ya watazamaji husoma humo uchovu na huzuni. Usomaji huo hautoshelezi. Katika kiti cha Metropolitan, mwanamke hakukamata kikalio. Kimetulia juu ya kichwa chake na ncha za vidole. Aliyeelemewa na mzigo hubeba kwa kukaza mikono. Kimaudhui, kwa Waluba mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kuhifadhi roho ya mfalme. Basi uzee wa uso huu ni heshima ya mhenga anayeutegemeza utawala.

Ni kwa nini mtunzi huyo alikosa jina? Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalihifadhiwa vichwani mwa watu, na yalipoandikwa, jina lake liliandikwa pamoja nayo. Viti viliondoka Katanga bila mchongaji kuulizwa. Watafiti waliofika baadaye walitajiwa Ngongo ya Chintu, jina ambalo huenda ni lake, na mpaka sasa huandikwa kwa tahadhari. Kutojulikana kwake, basi, hakukutokana na mila za Waluba. Kulitokana na namna vitu vyao vilivyokusanywa. Mhakiki anayeendelea kusema “sanaa ya kabila” anairudia dosari ya wakusanyaji hao.