Mchoro wa hifadhidata usiosomeka kwa sentensi haufai, hata programu iwe nzuri vipi

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii hunijia kila ninaposikiliza vijana wetu wa kompyuta wakibishana kuhusu programu iliyo bora kwa kuchora miundo ya hifadhidata. Mmoja haambiwi lolote kuhusu MySQL Workbench, mwingine anaisifu dbdiagram.io, wa tatu kazoea draw.io. Ubishi wenyewe ni kama ule wa mashabiki wa kandanda. Ipi ni ya bure? Ipi ina rangi za kupendeza? Ipi haikwamikwami? Sijawahi kusikia mtu akiulizwa: mchoro wako unasomekaje kwa maneno?

Kwa maoni yangu, swali hilo la lugha ndilo lingetangulia mengine yote.

Tuanze na istilahi. Hifadhidata, ambayo wenzetu wa Tanzania aghalabu huiita kanzidata, ni habari zilizopangwa katika majedwali yanayorejeleana. Kabla ya kuiunda, msanifu huchora. Kila kitu ambacho habari zake zitatunzwa huwekwa katika kisanduku na kuitwa huluki. Habari zenyewe ni sifa zake. Mstari unaounganisha kisanduku na kisanduku huitwa uhusiano, na alama zilizo kwenye ncha zake, hasa ile ya mguu wa kunguru, huonyesha ikiwa ni kimoja au vingi. Usione vyaelea, vimeundwa: nyuma ya mfumo wa kulipia karo au kutoa mikopo pana mchoro wa aina hii, au palistahili kuwa nao.

Aliyeupa mchoro huu umaarufu ni Peter Chen, kwa makala yake ya mwaka 1976. Mnamo 1983 aliandika makala nyingine ambayo wanaisimu wetu wangefaidika kuisoma. Humo alionyesha jinsi sentensi ya Kiingereza inavyoshabihiana na mchoro: nomino huwa huluki, kitenzi elekezi huwa uhusiano, kivumishi huwa sifa ya huluki, na kielezi huwa sifa ya uhusiano. Baadaye alikitazama Kichina pia. Kiswahili hakikuwa katika hesabu yake, na hapo ndipo penye kazi yetu.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja aliniletea mchoro wa mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo.

“Mwalimu, hebu angalia hii. Iko sawa ama?”

Kwa macho ulipendeza. Palikuwa na visanduku vitatu: MWANACHAMA, MKOPO na MDHAMINI. Nikamwomba anisomee mistari.

“Mwanachama anachukua mkopo. Mdhamini anadhamini mkopo.”

“Mdhamini ni nani?”

“Si ni mwanachama tu.”

“Basi mbona umempa kisanduku chake?”

Akanyamaza kidogo. “Eh, hapo sikuwa nimefikiria.”

Kosa hilo si dogo. Mtu yuleyule ameandikwa mara mbili, na mfumo haujui kwamba ni mmoja. Siku mama fulani atakapotaka kujiondoa chamani, karani atatazama jedwali la wanachama, aone hana deni, amrudishie akiba yake yote. Kumbe amedhamini mikopo mitatu ya wenzake. Mkopaji mmoja akishindwa kulipa, mzigo utawaangukia wadhamini waliobaki. Programu iliyochora kosa hilo haikulalamika hata mara moja. Ilinyoosha mistari vizuri, ikatia rangi.

Hapa kanuni ya Chen inahitaji kusaidiwa na sarufi yetu. Mdhamini ni nomino kweli, lakini imeundwa kutokana na kitenzi. Inataja kazi anayoifanya mtu, haitaji mtu mwingine. Ndivyo walivyo mkopaji, mlipaji na mkaguzi. Kila nomino ya namna hiyo iulizwe kabla ya kupewa kisanduku: wewe ni mtu mpya, au ni yuleyule aliyebadilisha kofia?

Minyambuliko nayo ina mengi ya kutufunza. Kauli ya kutendwa hutulazimisha kuusoma mstari kutoka upande wa pili: mkopo hudhaminiwa na wanachama wangapi? Kauli ya kutendana hutuonya. Tukisema wanachama hudhaminiana, tumekiri kwamba pande zote mbili ni wanachama, na kisanduku cha tatu hakina kazi. Kauli ya kutendea huleta mhusika zaidi: afisa anamwidhinishia mwanachama mkopo. Hapo wapo watatu, na mstari wa ncha mbili hautoshi.

Kisha kuna kielezi. Juma amedhamini mkopo wa kwanza kwa shilingi 50,000, na wa pili kwa shilingi 20,000. Kiasi hicho kitaandikwa wapi? Hakikai kwa Juma, maana kinabadilika. Hakikai kwa mkopo, maana una wadhamini kadhaa. Ni sifa ya kitendo chenyewe. Katika majedwali, kitendo hicho hupata jedwali lake la kati, na Kiswahili kinatupa jina lake bila jasho: dhamini huzaa udhamini, kama sajili inavyozaa usajili.

Sasa tuzipime programu kwa kipimo hiki. draw.io ni ya bure, haihitaji kujisajili, na hutumika kwenye kivinjari au ikiwa imesakinishwa. Ina hata maumbo ya Chen, pamoja na msambamba wa uhusiano unaoweza kuunganisha huluki tatu. Unaandika kitenzi chochote utakacho. Udhaifu wake ni kwamba mstari kwake ni mstari tu. Ukichora upuuzi, utahifadhi upuuzi.

dbdiagram.io hufuata njia nyingine. Unaandika matini kwa lugha iitwayo DBML, picha inajichora, kisha unapata msimbo wa SQL wa kuundia majedwali. Ni ya haraka na nadhifu. Lakini tangu mwanzo inakuuliza safu ipi inarejelea safu ipi. Kitenzi kinapotea njiani, na kikipotea kitenzi, karani na mweka hazina hawana la kusema.

MySQL Workbench ina toleo la bure. Hugeuza mchoro kuwa hifadhidata, na hifadhidata iliyopo kuwa mchoro. Anayejua atatumia MySQL hatajuta, ila asitarajie kuhama nayo kwa urahisi. DBeaver husoma hifadhidata za aina nyingi na kukuchorea zilivyo. Humfaa aliyerithi mfumo wa mtu mwingine kuliko anayewaza mfumo mpya.

Iko pia Mermaid. Nayo ni ya kuandika matini, ila ukiunganisha huluki mbili inakutaka utaje uhusiano wenyewe. Unaandika MKOPO, alama za idadi, MWANACHAMA, nukta mbili, halafu “hudhaminiwa na”. Haikupi SQL, na mchoro ukiwa mkubwa mistari hupishana ovyo kwa kuwa mpangilio hauko mikononi mwako. Lakini inadai kitenzi, na mimi napenda chombo kinachodai kitenzi.

Ushauri wangu, basi, ni kazi ifanywe kwa awamu mbili. Kwanza tumia Mermaid, draw.io au hata ubao na chaki, uandike vitenzi kwa lugha ya wenye habari zao, uwasomee. Wakiridhika, hamia dbdiagram.io au Workbench uunde majedwali. Anayeanza na awamu ya pili anajenga nyumba ambayo mwenyewe hajaulizwa ina vyumba vingapi.

Najua nitajibiwa kwamba majina ya Kiswahili huleta taabu ndani ya msimbo. Ni kweli kiasi. Neno kama ng'ombe lina ritifaa, na katika SQL alama hiyo ndiyo inayofungua na kufunga matini, kwa hivyo asiye mwangalifu ataumia. Tena mtayarishi programu wa nchi nyingine huenda akaurithi mfumo. Sina ugomvi na majina ya ndani, yaitwe yatakavyoitwa. Ninachotetea ni mazungumzo yanayotangulia majina hayo. Mwanachama wa chama cha wafugaji hawezi kusahihisha mchoro ambao hawezi kuusoma.

Kijana wangu alirudi baada ya wiki mbili. Kisanduku cha MDHAMINI kilikuwa kimeondoka, UDHAMINI umeingia. Programu ilikuwa ileile. Alikuwa amewasomea wanakamati mistari yote, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye “mkopo hudhaminiwa na mwanachama mmoja au zaidi”, mweka hazina, mama wa makamo ambaye hajawahi kuchora hifadhidata maishani mwake, akamkatiza.

“Hapana, kijana. Ule mkopo mdogo haudhaminiwi na mtu. Tunakata kwa akiba yake mwenyewe.”

Kijana akaongeza duara dogo, alama ya sifuri, kwenye ncha ya mstari. Hakuna programu ambayo ingemwambia hilo.