Nyama Iliyoyeyuka Ndani ya Ngano

Bokoboko halina sura ya kumvutia mgeni. Likishapakuliwa kwenye sinia ni kitu cheupe chenye ukijivu, laini, kimesawazishwa kwa mgongo wa upawa, na katikati kimefinywa kishimo cha kutilia samli. Nyama huioni. Atakayeuliza iko wapi hujibiwa neno moja: "Imo." Na kweli imo, kilo kadhaa, ila imepigwa hadi haitambulikani. Nimekula nyama ya kila namna katika Mji Mkongwe wa Unguja, toka mishikaki ya Forodhani hadi biriani za harusi za Malindi, na bado nasema hakuna kazi ya jikoni inayodai ustadi kama hii ya kuipoteza nyama ndani ya ngano.

Nilijifunza kuiheshimu kazi hiyo nikiwa mtoto, katika behewa la nyumba ya bibi yangu, usiku wa kuamkia Sikukuu. Ngano iliyokobolewa ilikuwa imelowekwa tangu jana yake. Nyama ilikuwa shingo na bega, kwa sababu nyama yenye nyuzi ndefu ndiyo inayovutika. Sarara, alisema bibi, ni ya watu wenye haraka. Nyama yetu ilichemshwa kwanza peke yake na tangawizi, mdalasini na chumvi, mpaka ikaachana na mfupa. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia: kuokota mifupa, mmoja mmoja, hata kipande kidogo kama punje ya mchele, maana mfupa ulioachwa ndani ya bokoboko hauonekani tena mpaka ukutane na jino la mgeni. Kisha ngano ikatiwa, makaa yakapunguzwa, na usiku ukaendelea.

Saa haikuangaliwa. Bibi alipima kwa mwiko. "Inua tuone, mwanangu." Nikiinua, uji ukianguka kwa mabonge, aliutikisa mkono: bado. Ulipoanza kuvutika na kushuka kama uzi mnene, alisogeza kigoda, akaipua sufuria, akaibana kwa miguu juu ya gunia, na kupiga kukaanza. Wasiolijua bokoboko hudhani ni kukoroga tu. Mwiko haukorogi. Hubanwa ubavuni mwa sufuria, ukasukumwa mpaka chini, ukavutwa juu kwa nguvu za bega, na kila unapopanda huzichanua nyuzi za nyama na kuzifunga kwenye ngano. Bibi alipochoka alipokea shangazi, na shangazi alipochoka alirudi bibi. Mazungumzo yao hayakukatika. Walikuwa wakisema mambo ya ndoa za watu huku mikono yao ikifanya kazi ambayo mimi, kwa dakika tano tu, iliniacha sijiwezi.

Siku hizi wapo wanaolitia kwenye blenda. Siwalaumu kwa uchovu wao, lakini kisu cha mashine hukata nyuzi, na nyuzi zilizokatwa hutoa uji unaonata kama gundi. Mwiko hauzikati, huzichanua. Tofauti hiyo ulimi huijua kwenye kijiko cha kwanza, hata ulimi wa mtoto.

Nimewahi kufikiri kwamba kitenzi chenyewe, kupiga, kinatueleza tuko wapi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za zamani hazikumwagwa tu zikaachwa zikauke: zilipigwa. Watu walikaa safu wakaitwanga chokaa mbichi kwa magongo mpaka ikashikana na kuweza kuzuia maji ya masika. Kiswahili husema kupiga sakafu, nacho husema kupiga bokoboko. Mikono ya aina moja, na subira ya aina moja, juu ya dari na chini behewani.

Asili ya bokoboko lenyewe ni ng'ambo. Waomani wanaliita harisi, nao hulila Sikukuu kama sisi. Huenda lilipata nguvu hapa tangu Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Njia hiyo ya baharini haikuwa ya kwenda tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wenye asili ya Unguja waliishia Muscat, na hata leo ukipita usiku penye majiko ya barabarani kule, utasikia nyama ya kwenye vijiti ikiitwa mishkak, na huenda aliyeshika kipepeo akakujibu kwa Kiswahili.

Mishikaki nayo ina elimu yake, ambayo mlaji aliyesimama Forodhani na sahani ya karatasi haioni, kwa kuwa ilikwisha kufanyika mchana. Nyama hukatwa vipande vidogo vinavyolingana, ikapakwa thomu, tangawizi na papai bichi. Papai ndilo mtihani. Maji yake huivunjavunja nyama ngumu. Ukiliacha kidogo mno, watu watatafuna mpaka alfajiri. Ukilisahau, nyama hulegea ikawa kama iliyokwisha kutafunwa, na hapo hakuna moto wa kuiokoa. Fundi mzuri huibonyeza kwa kidole gumba, akajua. Halafu hungoja makaa yavae jivu jeupe ndipo atandaze vijiti. Mwenye kuchoma kwenye ndimi za moto anauza masizi.

Pilau nitaipitia upesi, kwa sababu ina wasemaji wengi. Nasema hili tu: rangi yake hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa kwa uangalifu mpaka kikawa kahawia, na ladha yake kwenye supu ya nyama ileile. Anayetafuta weusi ndani ya chupa amekwepa kazi.

Lakini hata pilau nzuri ina jambo moja linalonirudisha kwenye bokoboko. Nyama ya pilau huhesabika. Sinia likiwekwa mbele ya watu watano, macho ya kila mmoja yanajua minofu iko upande gani, na mkubwa husogezewa kilicho bora. Bokoboko halina upande. Shingo moja, ngano na samli hulisha kichochoro kizima, na kijiko cha mchukuzi kina nyama sawasawa na cha tajiri aliyeketi ubavuni pake. Nimeliona hilo kwenye khitma nyingi. Ndiyo maana siamini kwamba nyama hupigwa vile kwa ajili ya ulaini peke yake. Wale wanawake wa behewani walikuwa wakigawa kwa haki kabla sinia halijatoka.

Kazi hii haiandikwi popote miongoni mwa vitu tunavyovilinda. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa 1985. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2009. Milango ya nakshi imepimwa na kupigwa picha, na ni haki yake. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka Disemba 2020, mji mzima ulishtuka, na watu waliokuwa mbali walipiga simu nyumbani wakilia. Mimi pia niliumia. Lakini bibi yangu alipofariki, akaondoka na kipimo cha chumvi na kile cha kujua sasa ndiyo saa ya kuipua, hakukusikika kishindo chochote. Shangazi alibaki na nusu ya elimu ile. Mimi nimebaki na robo, na robo hiyo ni ya kuokota mifupa.

Mlango unaweza kuchongwa upya kwa kuangalia picha. Bokoboko halitoki kwenye picha, wala kwenye maandishi kama haya. Mkono hufundishwa na mkono, juu ya sufuria ya moto. Kwa hiyo, wewe uliye na bibi, shangazi au jirani anayejua kulipiga, usingoje Sikukuu. Nenda soko la Darajani asubuhi, mwombe mwuza nyama shingo na bega, chukua na ngano iliyokobolewa, uiloweke usiku huohuo. Kesho yake kabisha hodi mlangoni pake. Atakupa mwiko.