Mikono safi, kiti kitupu mu Bunge

Bandugu, juzi pa Posta, hapa komini Lubumbashi, kijana mmoja alisema kwa nguvu: "Mupinzani wa kweli hawezi kuingia mu Bunge ya bwizi!" Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa natoka kuchanga makuta ya kumtoa dada mmoja wa mtaa wetu ku maternite. Alizaa salama, lakini walimzuia na mtoto siku sita juu ya fakture. Sasa kama wapinzani wote wanabaki nje, ile fakture nani atamwuliza Waziri?

Hii hadithi tulisha kuiona. UDPS ilizaliwa 1982, wakati chama kilikuwa kimoja tu, MPR, na watu walifungwa juu yake. Heshima ile hakuna mwenye ataiondoa. Lakini ugumu wenye uliwasimamisha mbele ya Mobutu njo uliwafunga mikono wakati kura zilikuja. Mwaka 2005 Étienne Tshisekedi aliwaomba watu wake wasijiandikishe, wasiende ku kura ya Katiba. 2006 chama kikakataa uchaguzi mzima. Katiba ikapita bila wao. Artikle 47 inasema haki ya afya inahakikishwa. Mu Bunge la viti 500, lenye lilipaswa kuitafutia ile haki makuta, UDPS ilikaa miaka mitano bila kiti.

2011, kwangu mimi, ilikuwa mbaya zaidi. Kweli, kura zile zilikuwa na kasoro kubwa, hata Carter Center ilisema matokeo hayaaminiki. Hasira ilikuwa na sababu. Lakini UDPS ilipata wabunge 41, na Tshisekedi akawaambia wasikae, sababu kukaa ni kukubali ushindi wa Kabila. Walioingia, chama kikawafukuza. Fikiri kidogo: raia amepanga mstari toka asubuhi, amechagua mtu wake, na yule mtu anaazibiwa juu ya kwenda kufanya kazi yenye alitumwa. Na neno kubwa la chama lilikuwa "Le peuple d'abord". Raia kwanza! Kumbe kwanza ilikuwa usafi wa chama, raia angoje nyuma.

Bunge lile lile, lenye walisema si halali, njo lilipitisha sheria 18/035 ya tarehe 13 mwezi wa 12, 2018, juu ya mpango wa afya ya raia. Mu ile sheria muna afya kwa wote, ile tunaita couverture santé universelle. Mwezi uliofuata, Félix Tshisekedi akawa Rais. Mwezi wa 9, 2023, miezi tatu mbele ya uchaguzi, kuzaa bure kukazinduliwa Kinshasa. Kazi yenye UDPS inajivunia zaidi mu afya inasimama juu ya sheria ya Bunge lenye ilikataa. Sikusikia mtu akiwaomba radhi wale waliofukuzwa.

Mtaniambia: wale walioingia walifanya nini, si walikula tu mishahara? Kwa sehemu nakubali. Abuja, 2001, nchi za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na yetu haijafika hata siku moja, wapinzani wakiwa mle ndani na mikono juu ya meza. Kiti peke yake hakitoshi. Lakini kiti kitupu hakiwezi hata kuinua mkono.

2023 PPRD ya Kabila nayo ilikataa uchaguzi, na hapa Katanga njo nyumbani kwake. Ensemble ya Katumbi ilikataa matokeo, lakini wabunge wake wakaingia. Kuna wenye wanawaita wanafiki juu ya hiyo. Mimi naona njo kazi: unakataa matokeo mchana, na wakati bajeti inapita unakuwa pale, unauliza kama kuzaa ni bure, hospitali inalipwa na nani, na lini.

Yule kijana wa Posta nilimuuliza atamtuma nani aulize. Alicheka: "Tutaandamana, mukubwa." Basi tuandamane, mimi pia nitakuja. Dada alitoka siku ya saba. Tulilipa sisi, jirani kwa jirani, na bado tunadaiwa dawa.