Yadi Sita za Jason Witten

Jason Witten alicheza mechi 271 katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, na katika misimu 17 alikosa mechi moja tu. Alidaka pasi 1,228. Hakuwa na mbio za kutisha. Mabeki wengi waliopewa kazi ya kumkaba walimzidi kasi, na baadhi yao walimzidi hata kuruka. Hata hivyo pasi nyingi kati ya hizo alizipata kwa njia ileile moja, yadi sita hivi mbele ya pale alipoanzia. Kila timu pinzani iliijua njia hiyo. Makocha waliichora ubaoni wiki nzima, wakawaonyesha vijana wao kwenye mikanda, na Jumapili ikifika Witten anaipita tena.

Nafasi aliyocheza ni taiti endi. Timu huwa na watu 11 uwanjani. Katikati kuna ukuta wa watu watano wakubwa ambao kazi yao ni kusukuma na kuzuia. Nyuma ya ukuta yuko kotabeki, mrushaji wa mpira. Mbali pembeni wapo wakimbiaji wepesi wanaosubiri pasi ndefu. Taiti endi husimama mwisho wa ukuta, bega lake likikaribiana na la mtu wa mwisho, na amebebeshwa kazi zote mbili: jaribio hili anapigana kama mtu wa ukuta, linalofuata anakimbia na kudaka. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ambazo ni kama mita tisa. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa inaukabidhi mpira kwa wapinzani. Kwa kazi hiyo Witten alikuwa na urefu wa mita 1.98 na uzito wa kilo 119 hivi.

Kazi yake huanza kabla mpira haujaguswa. Anainama, mkono mmoja chini kwenye nyasi, mgongo umenyooka, kichwa kimeinuka. Mtu akijiandaa kusukuma huuelemea ule mkono, na ncha za vidole vyake hubadilika rangi kwa uzito. Akijiandaa kukimbia huuweka mkono kwa wepesi, na uzito unarudi kwenye visigino. Wapinzani waliokaa mbele yake, hatua moja tu, wanavitazama vidole hivyo kwa makini kabisa. Ndiyo maana taiti endi mzuri hujifunza kuinama kwa namna moja tu, mwaka hadi mwaka, uzito uleule kwenye vidole vilevile, mtu asijue kinachokuja. Ni kazi ya kujinyima: mwili unataka kujiandaa, na mwenyewe anaukataza.

Jaribio likiwa la kusukuma, hatua ya kwanza ni fupi sana, pengine nusu ya unyayo. Mgeni wa mchezo huu angetarajia arukie mbele kwa nguvu, lakini anayeruka hukutana na mpinzani mguu mmoja ukiwa hewani, na hapo hana pa kukanyagia. Hatua ya pili lazima iguse ardhi kabla miili haijagongana. Viganja vinaingia ndani, kifuani mwa mpinzani, dole gumba likielekea juu, viwiko vimebana mbavu. Nguvu inatoka chini: magoti, nyonga, mgongo, ndipo mikono. Kisha miguu haikomi, hatua fupi fupi, mpaka filimbi. Mtu anayesukumwa mara nyingi ana uzito kama wake au zaidi, na analipwa kwa kumpita.

Kazi hii haina takwimu. Hakuna safu kwenye vitabu vya ligi inayoeleza ni mara ngapi Witten alimgeuza mtu wa kilo 125 akamfungulia mwenzake kijia cha kupita na mpira. Mtazamaji hufuata macho ya kamera, kamera hufuata mpira, na yeye amelala chini ya rundo la watu mita tano kutoka hapo. Kwa maoni yangu nusu ya ufundi wake iko katika rundo hilo, na nusu hiyo ndiyo iliyoifanya ile nyingine iwezekane. Mabeki walioona mara 20 kwamba anakuja kugonga, mara ya 21 walichelewa kuamini kwamba anakuja kudaka.

Sasa njia yenyewe. Ni njia ya hiari: mpango hausemi ageukie wapi, anaamua mwenyewe akiwa mbioni. Kwanza anatoka kwenye ukuta. Mpinzani wa mbele humvuruga kwa mkono, na yeye anaupangua kwa mkono wa nje, anashusha bega, anapita bila kupindisha mwelekeo wake. Halafu anamwendea beki. Hapa ndipo panapohitaji macho. Anayetaka kumponyoka mwenzake kwa kawaida humkwepa mapema, Witten humfuata. Anamwelekea kifua kwa kifua, mabega yake yamenyooka bila kulegea upande wowote, mpaka wabaki na nafasi ya mkono mmoja tu. Beki aliyeendewa hivyo yuko taabuni. Akirudi nyuma, amempisha. Akisimama, miguu yake itabidi ichague upande wa kuulinda zaidi, hata kwa kiasi kidogo.

Witten anangoja uchaguzi huo, naye anakimbia huku akingoja. Beki akiulinda upande wa ndani, yeye anatoka nje. Akiulinda wa nje, yeye anaingia ndani. Na kama hakuna anayemfuata, kila beki akilinda eneo lake, Witten anasimama kwenye pengo kati ya wawili, anamgeukia mrushaji na kumwonyesha namba 82 kifuani. Yote hayo, tangu mpira utoke chini, ni sekunde mbili na kitu.

Kugeuka kwenyewe ni somo. Mkimbiaji wa kawaida hupunguza mwendo hatua tatu nne kabla ya kugeuka. Miguu inatapatapa, kifua kinainuka, na beki anajua. Witten alishusha nyonga mara moja, akakanyaga kwa mguu mmoja uliokaa chini ya mwili wake, si mbali nao, ili uzito usimvute kwenda upande asioutaka. Kichwa kilichelewa kugeuka. Bega la upande wa pili lilitikisika kidogo tu, kama anayefikiria kwenda huko. Ukiitazama mikanda yake kwa mwendo wa polepole, utaona beki akihamisha uzito kwa bega lile, na hatua hiyo moja ndiyo yote Witten aliyoihitaji. Hakumwacha mbali. Alimwacha kwa urefu wa mwili wake, na mwili wake ulikuwa mkubwa.

Mpira unakuja kabla hajamaliza kugeuka. Una urefu wa sentimita 28 na uzito wa gramu 400 hivi, umechongoka pande zote mbili na unazunguka kwa kasi. Ukija juu ya kifua, vidole gumba vinakutana. Ukija chini ya kiuno, vidole vidogo ndivyo vinavyokutana. Viganja haviuzuii. Vinarudi nyuma nao kidogo na kuumaliza mwendo wake, kama mwashi aliye juu ya jukwaa anavyodaka tofali analorushiwa kutoka chini. Macho yanaufuata hadi uingie kwapani, na hapo unabanwa sehemu tano kwa pamoja: vidole kwenye ncha, kiganja, mkono wa chini, msuli wa juu, mbavu. Mara nyingi beki anafika wakati huohuo na kumpiga mgongoni kwa uzito wake wote. Mtu anayeyatoa macho kwenye mpira kwa kuliogopa pigo hilo huuangusha.

Njia ya hiari haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Mrushaji naye lazima amsome beki yuleyule, afikie uamuzi uleule, aurushe mpira kuelekea mahali ambapo bado hakuna mtu. Mrushaji huyo alikuwa Tony Romo. Wote wawili walifika timu ya Dallas Cowboys ya Texas mwaka 2003, Witten akichaguliwa katika raundi ya tatu ya uteuzi wa wachezaji wapya, wa 69, na Romo akiwa hakuchaguliwa na timu yoyote. Romo alikaa benchi mpaka 2006. Miaka iliyofuata waliirudia njia ile mazoezini mara zisizo na idadi, hadi wakaacha kuhitaji ishara.

Tarehe 4 Januari 2015, katika mechi ya mtoano, Cowboys walikuwa nyuma kwa pointi 20 kwa 17 dhidi ya Detroit Lions, robo ya mwisho ikiyoyoma. Lilikuwa jaribio la nne, na walihitaji yadi sita. Kila aliyekuwa uwanjani alijua mpira utaelekezwa kwa nani. Witten akamwendea beki, akangoja, akageuka, na mpira ulikuwa tayari njiani. Akapata yadi 21. Muda mfupi baadaye Cowboys wakafunga tachidauni, yaani wakaufikisha mpira mwisho wa uwanja, na kushinda 24 kwa 20.

Mwili ulilipa gharama yake. Oktoba 2003, akiwa mgeni wa ligi, taya lake lilivunjika dhidi ya Arizona Cardinals, likaungwa kwa upasuaji, na hapo ndipo alipokosa ile mechi moja. Novemba 2007 mjini Philadelphia alidaka pasi, watu wawili wakamgonga, helmeti ikaruka, naye akaendelea kukimbia kichwa wazi mpaka jumla ya yadi 53. Tangu 2010 sheria ya ligi inataka mchezo usimamishwe mara helmeti ya mwenye mpira inapotoka kichwani. Picha ya mbio zile inapendwa sana Texas. Mimi huvutiwa zaidi na kitu kidogo ndani yake: mpira umebanwa pale pale, sehemu tano, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka 2012 ulikuwa mgumu zaidi. Mwezi Agosti, katika mechi ya kujipima nguvu dhidi ya Oakland Raiders, alipigwa na bandama ikachanika. Kwa jeraha la namna hiyo pigo jingine linaweza kumwaga damu ndani ya mwili, na tiba yake kubwa ni kutulia. Alitulia mpaka madaktari walipomruhusu, na tarehe 5 Septemba alikuwa uwanjani kwenye mechi ya kwanza ya msimu. Wiki za mwanzo mipira ilimponyoka, hata ile rahisi, na watu wakaanza kusema amekwisha. Oktoba mosi alidaka 13 dhidi ya Chicago Bears. Tarehe 28 mwezi huohuo alidaka 18 dhidi ya New York Giants, idadi ambayo hakuna taiti endi aliyewahi kuifikia katika mechi moja ya NFL. Msimu ulipomalizika alikuwa na 110, rekodi ya nafasi yake hadi Zach Ertz alipofikisha 116 mwaka 2018.

Uvumilivu huu aliuona kwanza nyumbani. Alikuwa na miaka 11 mama yake alipomhamishia yeye na ndugu zake Elizabethton, mji mdogo wa Tennessee, mbali na baba aliyekuwa akiwapiga. Babu yake mzaa mama, Dave Rider, alikuwa kocha wa shule ya sekondari ya hapo, na ndiye aliyemlea katika mchezo. Alipoingia Chuo Kikuu cha Tennessee, Witten alitaka kuwa mchezaji wa ulinzi. Makocha wakamhamishia upande wa pili. Hakupenda mwanzoni. Lakini mtu aliyekwisha simama mahali pa beki anajua miguu ya beki inaogopa nini, na ujuzi huo ulimfaa kwa miaka 17. Fedha na jina alivyopata baadaye alivitumia pia kuzisaidia familia zilizokimbia vipigo nyumbani, kupitia taasisi yake ya SCORE, na mwaka 2012 ligi ilimpa tuzo ya Walter Payton inayotolewa kwa mchezaji aliyetumikia jamii.

Aliacha mpira 2018, akatangaza mechi kwenye televisheni kwa msimu mmoja, akarudi Dallas 2019, na kumalizia na Las Vegas Raiders 2020. Yadi zake zote ni 13,046. Wakati anaondoka, taiti endi aliyemzidi kwa idadi ya pasi alikuwa Tony Gonzalez peke yake. Super Bowl, fainali ya ligi, hakuwahi hata kuicheza. Mechi za mtoano alizoshinda akiwa na Cowboys ni mbili. Wapo wanaompima kwa hilo. Baada ya kustaafu alikwenda kufundisha vijana katika shule ya Liberty Christian, Argyle, Texas, nao wakatwaa ubingwa wa jimbo katika ligi ya shule binafsi mwaka 2023 na 2024.

Ukipata nafasi ya kutazama mchezo huu, hata kwa dakika kumi kwenye simu, uache mpira uende zake. Mtazame yule mtu wa mwisho kwenye ukuta, na uanzie miguuni.