Roboti Amekufa au Imekufa? Uhakiki wa Tekken 3

Kwa kawaida ukurasa huu huchambua riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuhakiki gemu ya video, nayo ni Tekken 3 ya kampuni ya Namco ya Japani. Ilitoka mwaka 1997 katika mashine za kumbi za michezo, na mwaka 1998 katika PlayStation. Si mpya hata kidogo. Lakini nilipokwenda Gitega na Muyinga kukagua wanafunzi wetu wa mazoezi ya kufundisha, niliikuta bado inachezwa katika vyumba vya kulipia, hasa mtaa wa Musinzira, nayo ikanirudisha kwenye daftari moja nililokwisha kulisahihisha.

Daftari hilo ni la mwanafunzi wa darasa la nane. Insha ilihusu jambo lililomhuzunisha. Wenzake waliandika habari za misiba ya nyumbani, yeye aliandika: "Roboti alikufa mbere ya mtoto." Nikakata "alikufa", nikaandika juu yake "iliharibika", nikapunguza alama. Upatanisho wa a-/wa- ni wa viumbe hai, na mashine haifi. Ndivyo tunavyofundisha, sikujiuliza zaidi.

Kwa wasioijua gemu hii: wapiganaji wawili husimama uso kwa uso, na anayeishiwa nguvu kwanza hupoteza raundi. Wahusika ni wengi, hata dubu yumo, lakini wanaotuhusu ni wawili. King ni mpigana mieleka wa Meksiko anayevaa kinyago cha jagwa, yule paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui. Gun Jack ni roboti ya kijeshi yenye mikono ya chuma. Wote wawili hawana lugha. King hunguruma kama mnyama, Gun Jack hutoa milio ya mashine. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jambo hilo hivi hivi.

Upande wa fani, King ndiye kazi bora ya watunzi hawa. Mchezaji akishamkamata mpinzani, anaweza kuunganisha mshiko mmoja na mwingine: amnyanyue, amzungushe, ambwage, amkabe tena kabla hajainuka. Kila hatua ina vitufe vyake na wakati wake, na mpinzani ana nafasi ya kujinasua akibonyeza kitufe sahihi. Niliwaambia wanafunzi wetu kwamba huo ni unyambulishaji mtupu: piga, pigana, piganisha, piganishwa. Ukikosea mnyambuliko mmoja, neno zima linaanguka. Eddy Gordo, yule mcheza capoeira wa Brazili, humpa ushindi hata mtu anayebonyeza vitufe hovyo. King hampi mtu ushindi wa bure.

Muziki haukunivutia sana. Ni magitaa ya umeme yanayokwaruza, ndugu wa ule muziki uitwao hevi metali, juu ya ngoma za kompyuta. Unafaa kwa ngumi. Kwa huzuni haufai, na huzuni imo nyingi kuliko mtu anavyotarajia. Mwenye chumba kule Musinzira alikuwa ameizima sauti ya gemu na kufungulia Bongo Fleva, wala sikuona tumepungukiwa na nini.

Tukija kwenye maudhui, visa vya hawa mabubu wawili vinahusu yatima. King wa kwanza aliingia ulingoni ili apate fedha za kuwatunzia watoto wasio na wazazi. Alipouawa, kijana aliyelelewa katika kituo hicho alikivaa kinyago chake, na huyo ndiye King wa Tekken 3. Kisa hiki kina asili ya kweli: padri mmoja wa Meksiko alipigana mieleka miaka mingi kwa jina la Fray Tormenta ili kulea yatima. Wajapani nao tangu mwaka 1968 walikuwa na katuni ya Tiger Mask, mpigana mieleka mwenye kinyago cha simbamarara anayewasaidia watoto wa namna hiyo. Gun Jack kwa upande wake ametokana na Jack-2 wa Tekken 2, roboti iliyomwokoa msichana mdogo aitwaye Jane vitani. Mionzi kutoka satelaiti ikamteketeza Jack-2 mbele ya macho ya mtoto. Jane akakua, akawa mwanasayansi, akarudi kumtengeneza upya.

Dosari kubwa ni usimulizi. Visa hivi vimefichwa katika filamu fupi za mwishoni, na anayelipia mchezo mmoja mmoja anaweza kumaliza mwaka bila kuziona. Gun Jack mwenyewe hafunguki mpaka gemu imalizwe mara kadhaa. Katika nchi yetu, ambako watoto wengi walikuzwa na bibi au jirani baada ya vita, watunzi walikuwa na jambo zito mikononi, wakalipa dakika chache.

Lakini kisa kinajulikana Musinzira, kwa sababu wakubwa huwasimulia wadogo kwa Kiswahili. "Mpige ngwala!" "Mtie kabali!" "Roba hiyo, roba!" Baadhi yao familia zao zilirudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, na maneno haya walikuja nayo. Katika vitabu vyetu vya kiada sijayaona. Wapo wenzetu wanaoyadharau kuwa ya mtaani, na tusisahau kwamba kwetu "Mswahili" bado ni jina la kumwita mtu mjanja. Kiswahili kimewahi kuimbwa katika gemu: "Baba Yetu" wa Christopher Tin, wa Civilization IV ya mwaka 2005, ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Huko kinasali. Musinzira kinapiga ngwala, na sioni kwa nini kimoja kiheshimiwe na kingine kifukuzwe darasani. Katika Tekken 8 ya mwaka 2024, Azucena wa Peru anasema Kihispania na Victor Kifaransa. Kiswahili hakimo, na King bado ananguruma.

Nikaketi nisikilize upatanisho wao, maana ndio ugonjwa wangu. Wakati wa pambano roboti ilikuwa kitu: "imezimika!", "imeisha betri!" Walipofika kwenye habari za Jane, watoto walewale wakasema "alikufa", na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Hiyo tunaiita tashihisi, tunaifundisha katika ushairi na kuitolea mifano mizuri. Ndiyo niliyoikata kwa wino mwekundu.

Daftari nimelirudisha pamoja na alama nilizopunguza, isipokuwa nusu moja. Hiyo nimeibakiza kwa ajili ya "mbere", ambayo ni Kirundi.